Gundi Ndani ya Kipini

Sajini Dorkasi wa kituo cha polisi cha Bariadi alikitoa kisu kwenye bahasha ya khaki, akakilaza mezani juu ya karatasi safi, kisha akavuta kiti na kuketi. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai mwaka 1995. Kwa dakika kadhaa hakukigusa tena. Alikitazama tu.

Kipini kilikuwa cha mpingo, kimechongwa pete tatu karibu na ubapa, na chini yake mstari wa pembetatu ndogo ndogo. Ubapa wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kiwandani, umeanza kushika kutu pembeni. Jalada lililokuwa kando lilieleza mambo kwa ufupi. Jumapili iliyopita, kulipopambazuka, lori la kampuni binafsi inayonunua pamba lilikutwa kwenye uwanja wa ghala la chama cha msingi cha ushirika cha kijiji cha Mwalushinde, kata ya Nkoma, tairi zake mbili za nyuma zimekatwa. Kisu hiki kilikuwa kimechomekwa kwenye mojawapo. Kijiji kizima kilikitambua kipini. Kilikuwa cha mzee Salu, mtunza ghala wa chama kwa miaka kumi na tisa.

Sababu nayo haikuhitaji kutafutwa. Huu ulikuwa msimu wa pili tangu serikali iwaruhusu watu binafsi kununua pamba, na mzee Salu hakuupenda utaratibu huo. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema kwamba lori lile siku moja litaondoka Mwalushinde likitembea kwa rimu. Watu walicheka. Sasa wale waliocheka walikuwa tayari kutoa ushahidi.

Mkuu wake wa kazi alimkabidhi jalada jana jioni kwa maneno machache. Mzee angefikishwa mahakamani Jumatatu. Kazi ya Dorkasi ilikuwa kuhakikisha vielelezo vimeandikwa sawasawa, basi.

Alikichukua kisu, akakitikisa taratibu karibu na sikio. Ubapa ulicheza.

"Koplo," alimwita Koplo Athanasi, mzee wa miaka hamsini na minne aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu. "Kisu kilichokata tairi mbili za lori kinaweza kuwa kinacheza hivi?"

Athanasi alikipima mkononi. "Labda kimechoka, afande. Hata mimi nacheza ndani ya viatu vyangu."

Dorkasi hakucheka, lakini aliandika kwenye daftari: *ubapa umelegea*. Kisha akaenda mahabusu kumwona mtuhumiwa.

Mzee Salu alisimama alipomwona. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka, wakaulizana hali kama watu waliokutana njiani, ndipo Dorkasi akaanza kuuliza. Mzee alijibu bila haraka. Kisu chake, alisema, kilimvunjikia Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi na mapema, alipokuwa anakata kamba ya mzigo pale ghalani. Kulikuwa na baridi. Ubapa ulichomoka, kipini kikabaki mkononi. Ubapa aliupeleka nyumbani ili watoto wasije kujikata. Kipini alikiacha kwenye dirisha la ghala, akinuia kukirudishia ubapa Jumamosi. Siku hiyo ilipofika hakukikuta. Sungusungu walipokuja kumkamata aliwaeleza hivyo hivyo, nao wakamjibu kwamba mtu anaweza kuwa na bapa mbili.

"Maneno ya mkutanoni siyakatai," alisema. "Niliyasema. Lakini nikienda kukata tairi la mtu, mayu, mama yangu, nitaacha jina langu humo ndani?"

Dorkasi aliandika. Alipokuwa anafunga daftari, mzee aliuliza swali moja, nalo halikuhusu kesi.

"Mke wangu anachota maji wapi?"

Dorkasi hakulielewa swali hilo mpaka yeye na koplo walipotoka nje. Yeye alikuwa mtu wa Lamadi, kwenye wavuvi. Athanasi ndiye aliyemweleza. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba haitanunua tena pamba ya Mwalushinde mpaka mkosaji apatikane na kuadhibiwa, na pamba ya watu ilikuwa imejaa mpaka vyumba vya kulala. Jumapili hiyo hiyo jioni, kamanda wa sungusungu alitangaza kwamba nyumba ya Salu imetengwa. Hakuna kuwasalimia, hakuna kuwapa moto, hakuna kuchota nao kisima kimoja. Mtu akifa katika nyumba hiyo, watazika wenyewe. Kutengwa huko huondolewa siku mkosaji anapotoa fahali wa kuchinjwa, kijiji kikala.

"Na akifungwa miaka miwili?" Dorkasi aliuliza.

"Basi mama yule atakaa hivyo miaka miwili," Athanasi alisema. "Wengine huhama. Yeye atahamia wapi, afande, na ana miaka sitini?"

Dorkasi alisimama kidogo kwenye ngazi. Kisha akamwambia koplo azitoe stoo ya vielelezo zile tairi mbili zilizokatwa, azipakie kwenye Land Rover.

Nyuma ya soko la Bariadi, upande wa wauza nafaka, kulikuwa na kibanda cha fundi Shigela, mshona katambuga. Alikuwa ameketi katikati ya vipande vya tairi. Ujanani aliwahi kwenda Muheza kufanya kazi kwenye shamba la mipira. Kazi yake ilikuwa kuamka kabla ya jua, kuchanja gome la miti kwa mshazari na kukinga utomvu mweupe kwenye vikombe. Utomvu ule ulitiwa asidi ukaganda, ukakandamizwa kuwa mapande bapa kama mashuka, ukaanikwa kwenye moshi. Aliporudi kwao alianza kukata tairi kuukuu kuwa ndala, na hiyo ilikuwa miaka thelathini iliyopita. Dorkasi hakumjua mtu mwingine mjini aliyeanza na mpira ukiwa kwenye mti akamaliza nao ukiwa chini ya nyayo.

Alimweleza anachotaka: kukifungua kipini bila kupoteza chochote kilichomo. Kabla ya kumkabidhi aliinamisha kichwa, akaomba kimya kimya, kwa sababu kitu kikishafunguliwa hakirudi kilivyokuwa. Kisha akaandika saa, nne na dakika ishirini, na majina ya watatu waliokuwapo.

Shigela aliubana ubapa kwa koleo, akavuta. Ulitoka kwa urahisi kuliko walivyotarajia. Nyuma yake zilivutika nyuzi nyembamba za gundi ya rangi ya kijivu, zikanyooka, zikakatika na kujikunja. Pamoja na ubapa kilitoka kipande cha mpira mweusi, kirefu kama kidole, kilichokuwa kimezungushwa kwenye msuka wa kisu, ule mkia wa ubapa unaoingia ndani ya kipini, ili kujaza nafasi.

Fundi aliinusa gundi. "Solesheni," alisema. "Ile ya kuzibia pancha. Ni mpira ulioyeyushwa kwa petroli. Petroli ikiruka, unabaki mpira. Kiraka inakishika vizuri. Kisu haikishiki."

"Kila mwenye baiskeli anayo," Dorkasi alisema.

"Kila mwenye baiskeli. Ngoja nikuangalizie na hiki."

Alikichukua kile kipande cheusi akakivuta. Kilirefuka, na alipokiachia kilirudi polepole. Kutoka kwenye kopo lake alitoa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaviangusha vyote viwili juu ya jiwe la kunolea. Cha baiskeli kiliruka mpaka gotini kwake. Cheusi kililala pale pale kilipoangukia.

"Mpira wa mti una uhai, ukiuangusha unaruka," alisema. "Huu wa pili hawakuupata kwenye mti. Umetengenezwa kiwandani kwa mafuta ya petroli. Hauruki, ila unafunga upepo kuliko ule mwingine, ndiyo maana wanaufanyia tyubu za magari makubwa. Na tazama unene. Baiskeli ukiivalisha huu itakataa kwenda."

"Tyubu ya lori, basi."

"Ya lori. Niandikie hivyo, nitaweka dole gumba."

Kisha akamulika ndani ya tundu la kipini kwa kioo kidogo. Chini ya ile solesheni kulikuwa na kitu kingine, cha rangi ya asali iliyokaa, kimeshikamana na mti pande zote. Aligusa ukingo wake kwa sindano. Chembe moja ilivunjika kama sukari guru.

"Hii siyo yangu," alisema. "Haikutoka kwenye mti wa mpira, na kiwandani haikutoka."

Athanasi alisogeza kichwa. "Mnyaa hiyo, afande. Utomvu wa mnyaa. Kwa baba yangu visu vyote vilishikwa kwa huo."

Dorkasi alimzuia fundi asiguse zaidi. Alichungulia mwenyewe. Ile gundi kavu ilikuwa imeacha nafasi katikati, nayo ilikuwa na pembe nne. Msuka wa ubapa uliotolewa ulikuwa bapa kama kijiti cha kiberiti kilichokanyagwa. Huo haukuwahi kukaa kwenye tundu la pembe nne.

Alikiweka kipini kwenye kopo safi la maziwa ya unga lenye pamba ndani yake, akafunga, akasaini juu. Ndipo akamwomba fundi aje aone tairi zilizokuwa nyuma ya gari.

Shigela alizizunguka mara mbili. Alibonyeza ubavu wa moja kwa kidole gumba, ukafunguka nyufa ndogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Meno ya kukanyagia yalikuwa yamekwisha kabisa.

"Zimekufa hizi," alisema. "Zilikufa kabla ya kukatwa."

"Kampuni inasema zilinunuliwa mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano wa mwaka gani?" Fundi alichuchumaa mbele ya mkato. Ubavuni mwa tairi palikuwa na tundu lenye ukubwa wa kiganja, limekatwa pande nne. Alikwenda kwenye tairi la pili, akarudi. "Mama, mtu mwenye hasira anachoma anakimbia. Huyu amekata kipande kama mimi ninavyokata soli, akaondoka nacho. Tairi zote mbili, na mahali pale pale."

"Kipande hicho kinafaa nini?"

"Kwangu? Kisigino cha mtoto hakitoki hapo."

Dorkasi alichukua futi kamba akapima kutoka kwenye tundu hadi kwenye namba za ukubwa wa tairi zilizochorwa ubavuni. Sentimita kumi na sita kwenye moja, kumi na sita na nusu kwenye nyingine. Aliandika vipimo vyote viwili, akamshukuru fundi, wakaondoka kwenda Nkoma.

Nyumba ya mzee Salu ilikuwa imezungushiwa ua mrefu wa minyaa, wa kijani, usio na majani. Mbele ya mlango wa ua mavumbi yalikuwa yamelala bila alama ya mguu isipokuwa nyayo za mtu mmoja, zikienda na kurudi. Mwanamke aliyekuwa anapita na kuni kichwani aliwaona askari, akataka kusalimia, akakumbuka, akageuza uso.

Milembe, mke wa Salu, aliwapa vigoda. Ndoo yake ilikuwa na maji ya rangi ya chai. Alieleza kwamba siku hizi anachimba mchanga mtoni, mwendo wa saa moja na nusu, kwa kuwa kisimani hawamruhusu. Alilisema hilo kama mtu anayetaja umbali tu, kisha akauliza kama mumewe anakula.

Dorkasi alimwambia anakula, akamwuliza habari za kisu. Milembe hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani, akatoka na ubapa uliofungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa mnene, kazi ya mhunzi, umefuliwa kutoka springi ya gari, na msuka wake ulikuwa wa pembe nne, umepinda kidogo upande mmoja.

"Gundi hufanywaje, mayu?" Dorkasi aliuliza. "Nionyeshe kama vile sijui, maana kweli sijui."

Mama yule alimpeleka uani. Alimwambia asimame upande upepo unakotoka na asiguse macho, kisha akavunja kijiti cha mnyaa. Tone jeupe lilijaa pale pale kwenye jeraha, likaanguka kwenye kifuniko cha kopo. Likifika kiasi, alisema, linawekwa juani siku mbili mpaka linakuwa zito. Halafu linapashwa moto, na msuka wa kisu nao unapashwa, unasukumwa ndani, unashikwa mpaka upoe. Ikishapoa ni ngumu kama jiwe. Ubaya wake ni mmoja tu: ukiipiga wakati wa baridi inapasuka.

"Alhamisi alipovunja kulikuwa na baridi?"

"Hata ndama walitetemeka."

Dorkasi alifungua kopo la maziwa mbele yake na mbele ya Athanasi, akashika kipini kwa mkono mmoja na ubapa wa mhunzi kwa mkono mwingine. Alijaribu kuuingiza. Ulikwama. Aliugeuza upande wa pili, ukakwama tena. Aliugeuza mara ya tatu, ule upinde ukaelekea kwenye pete zilizochongwa, na msuka ukateremka ndani ya gundi kavu mpaka mwisho, bila kusukumwa. Aliutoa, akamwachia Athanasi ajaribu. Ulikubali upande ule mmoja tu.

"Gundi inamkumbuka mwenzake," Athanasi alisema.

Waliandika maelezo, Milembe akaweka dole gumba. Lakini Dorkasi alijua kwamba kazi bado. Alikuwa amethibitisha kuwa kipini kilivaa ubapa mwingine baada ya kuvunjika. Hakuwa amethibitisha nani alikivalisha. Mwendesha mashtaka angesema mzee mwenyewe, na hakimu angeweza kumwamini.

Mtu alikohoa nje ya ua. Alikuwa Maige, kamanda wa sungusungu, mwanamume mrefu mwenye baiskeli. Hakuvuka mlango. Alisalimia askari peke yao, kwa uangalifu, ili salamu isimwangukie mwenye nyumba.

Dorkasi alikuwa na maswali kwake. Kwenye jalada iliandikwa kwamba Maige na Salu waligombana hadharani juu ya lori hilo, Maige akiwa ndiye aliyeikaribisha kampuni kijijini. Tena ndiye aliyekuwa wa kwanza kukitambua kipini. Alimwomba afungue mkoba wa baiskeli yake. Maige aliufungua bila kinyongo. Alikuwa na kichupa cha solesheni, msasa na tyubu moja ya akiba. Dorkasi alikata ukingo wa tyubu kwa ruhusa yake, akauangusha juu ya jiwe. Uliruka.

"Alhamisi na Ijumaa hiyo ulikuwa ghalani?"

Alikuwapo, alisema, na watu wengi walikuwapo, kwa kuwa lori lilikuwa linapakia.

Dorkasi alimwonyesha ule ubapa wa kiwandani, ukiwa bado na nyuzi za kijivu. Maige aliushika, akaugeuza, na kwa mara ya kwanza akasahau kuwa makini.

"Nani amefanya ujinga huu?" aliuliza. "Solesheni? Jua likipanda inalainika, ubapa unatoka unakukata mwenyewe. Mtoto anayechunga ndama anajua hilo."

"Mzee Salu anajua?"

"Salu ndiye aliyenifundisha mimi kushikiza shoka kwenye mpini." Ilionekana anayasikiliza maneno yake mwenyewe. "Hapa kijijini hakuna wa kufanya hivi, afande. Huyu ni mtu aliyezoea kisu cha dukani, ambaye kikivunjika anatupa."

Wote watatu walitazama upande wa ghala. Lori lilikuwa bado pale, limeinuliwa kwa magogo upande mmoja.

Dereva Novatus alikuwa amelala kivulini mwa lori juu ya magunia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, amekulia Mwanza mjini, mpole, mwenye kusema "afande" mwanzoni na mwishoni mwa kila sentensi. Alifurahi kuona upelelezi unakwenda vizuri. Alitumaini mzee hatafungwa muda mrefu, maana ni mzee.

Dorkasi alizunguka lori taratibu. Tairi nne zilizobaki zilikuwa nzuri, na kila moja ilikuwa na alama ubavuni: herufi mbili ndani ya duara, zimeunguzwa kwa chuma cha moto, kama ng'ombe. Alitoa futi kamba. Kutoka kwenye duara hadi kwenye namba za ukubwa: sentimita kumi na sita. Alipima zote nne kabla ya kusema neno.

"Hii chapa inapigwa lini?"

"Tairi likinunuliwa tu, afande. Kampuni haimwamini mtu, afande."

"Zote zinapigwa?"

"Zote."

"Na hizi mbili zilizokatwa zilikuwa nayo?"

"Zilikuwa nayo, afande."

"Twende unionyeshe ilikuwa mahali gani."

Alimpeleka nyuma ya Land Rover. Novatus alinyoosha mkono kuelekea kwenye ubavu wa tairi la kwanza, na mkono ukasimama hewani juu ya tundu. Hakuugusisha.

"Mzee Salu aliitaka chapa ya kampuni yako ya nini?" Dorkasi aliuliza.

Dereva aliurudisha mkono mfukoni. Dorkasi alimwomba sanduku la vifaa. Ndani yake, chini ya spana, kulikuwa na kichupa cha solesheni kilichokwisha nusu, na tyubu kuukuu ya lori iliyokunjwa. Athanasi aliikunjua juu ya boneti. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kipande chembamba, kirefu kama kidole. Dorkasi alitoa bahasha, akakiweka kile kipande kilichotoka kwenye kipini kwenye nafasi yake. Mahali kisu kilipoteleza na kukata kwa mshazari, vyote viwili viliteleza pamoja.

Kwa sauti ile ile ya kawaida alimweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Novatus aliketi kwenye gunia. Aliomba maji, Athanasi akampa.

Alisema bila kuulizwa sana. Mwezi uliopita, kule Lamadi, alimuuzia mwenye gari la samaki tairi mbili mpya, akavalisha hizi kuukuu. Hakujua kwamba mkaguzi wa magari wa kampuni angetumwa. Alipata habari Ijumaa kwamba mkaguzi angefika Jumatatu. Jioni hiyo aliona kipini kwenye dirisha la ghala. Akakitia ubapa wa kisu cha dukani, na usiku wa Jumamosi akakata mahali ambapo chapa ingekuwa, maana tairi zile kuukuu hazikuwa nayo.

"Kwa nini yule mzee?" Dorkasi aliuliza.

Novatus alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kujibu kwa usahihi. "Sikumchagua, afande. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema mbele ya watu wote. Maneno yalikuwa tayari. Nilihitaji kisu tu."

Aliweka saini saa kumi kasoro robo.

Kufikia saa hiyo watu walikuwa wamejaa uwanjani, na habari ilikuwa imewapita ikaelekea kwenye nyumba za mbali. Walimfuata kamanda wao mpaka mbele ya ua wa Salu, wakasimama pale bila kujua la kufanya. Milembe alikuwa amesimama mlangoni. Bado hakuna aliyemsalimia. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kanuni ni kanuni: nyumba iliyotengwa hairudi bila fahali kuchinjwa. Mwingine alimwuliza, huyu anarudi kutoka wapi, wakati hakwenda popote. Wakabishana kidogo, kisha wakamtazama Maige.

Maige alimgeukia Dorkasi. "Afande, sheria ya serikali inasemaje?"

"Sheria ya serikali inasema mzee Salu ni huru, na mimi nitamleta mwenyewe kesho," alisema. "Juu ya ng'ombe haisemi. Mlimtoa ninyi, bila kutuuliza."

Maige alitazama chini. Halafu aliilaza baiskeli yake na kuondoka kwa miguu. Watu walidhani amekwenda zake. Alirudi akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa fahali mwekundu mwenye nundu kubwa, ambaye kila mtu pale alimjua, kwa sababu ndiye aliyekuwa anavuta jembe la Maige. Alimfikisha mbele ya Milembe. Hakutoa hotuba.

"Mwadila, mayu," alimsalimia, salamu ya alasiri.

Milembe alimtazama fahali kuanzia pembe mpaka kwato, akamtazama na mtu aliyeshika kamba, kisha akasogea pembeni mwa mlango wa ua.

"Mwadila," alisema. "Mfunge ndani. Hachinjwi leo. Hachinjwi mpaka mwenye nyumba afike, aone ni nani aliyemleta."